Vidole Vinavyosoma

Leo nataka tuzungumze habari ya mtoto kipofu, ambaye aghalabu huachwa barazani wenziwe waendapo shule. Wazazi wake wampenda, humlisha na kumvika, lakini husema, "Atasoma kwa macho gani?" Jawabu ni hili: atasoma kwa vidole.

Mwaka 1809, katika kijiji cha Coupvray, nchi ya Ufaransa, alizaliwa Louis Braille, mwana wa fundi wa matandiko ya farasi. Alipokuwa na umri wa miaka 3 alichezea chombo cha kutobolea ngozi, kikamchoma jicho. Ugonjwa ukalishika na jicho la pili, na alipotimiza miaka 5 alikuwa kipofu kabisa. Wazazi wake hawakumficha. Alisoma na watoto wa kijijini, na mwaka 1819 akapelekwa Paris katika shule ya vipofu. Huko, mwaka 1824, akiwa kijana wa miaka 15 tu, alibuni maandishi ya nukta.

Ukitaka kuyafahamu, twaa punje 6 za mahindi, uzipange safu mbili zilizosimama, tatu kushoto na tatu kulia. Ukiacha ile ya juu kushoto peke yake, hiyo ni A. Ukiongeza iliyo chini yake, ni B. Kwa nukta 6 hupatikana alama 63, nazo zatosha herufi, tarakimu, hata muziki. Mwandishi huzitoboa katika karatasi nene, kutoka kulia kwenda kushoto. Akiigeuza, nukta zimeinuka, naye huzipapasa kutoka kushoto kwenda kulia, akasoma.

Elimu hii imefika kwetu Afrika ya Mashariki tangu zamani. Shule ya vipofu ya Thika, katika Kenya, ilifunguliwa mwaka 1946. Na ya Buigiri, karibu na Dodoma, mwaka 1950.

Basi, ndugu msikilizaji, ikiwa nyumbani mwako yumo mtoto wa namna hii, mpeleke kwa daktari, maana macho mengine hutibika. Yasipotibika, mshike mkono, mwende kwa mwalimu wa shule iliyo karibu, mshauriane jinsi atakavyosoma. Usingoje awe mtu mzima. Mtoto kipofu akikua hajui kusoma, kosa si la macho yake. Ni letu sisi tuliomwacha barazani.