Kihansi Kabla ya Chura

Kihansi ikitajwa kwenye habari, hutajwa umeme au chura wake. Majani hayatajwi, nami naona hapo hesabu inaanzia mkiani.

Ndani ya korongo la Kihansi, kusini mwa Milima ya Udzungwa, maporomoko yalirusha manyunyu usiku na mchana, masika na kiangazi. Miteremko iliyoloa ikaota viraka vya majani, hekta chache tu katikati ya msitu: selaginela imetandaa chini kama zulia, kuvumwani juu ya mawe, kangaga pembeni. Mimea ya namna hiyo haijui ukame; haijawahi kulazimika kuujua.

Kituo cha umeme cha megawati 180 kilipoanza kazi mwaka 2000, takriban asilimia 90 ya maji yalipitishwa handakini, na manyunyu yakapungua sana. Mimea ya majimaji ikarudi nyuma, magugu yakachukua nafasi. Ndipo yakafungwa mabomba ya kunyunyizia (naam, umwagiliaji wa porini!) na sehemu ya uoto ule ikaanza kurejea.

Chura aliyeishi kwenye manyunyu hayo hakusubiri. Ukapita pia ugonjwa wa kuvu, na mwaka 2009 akatangazwa kutoweka porini. Wanaorudishwa korongoni tangu 2012 ni uzao wa vyura waliochukuliwa wakafugwa Marekani.

Ufugaji wa vyura hupata wafadhili kwa urahisi, maana chura ana sura. Ningependa nione bajeti ya fundi anayezibua vitundu vya yale mabomba.