Mashine ya TB Inaweza Kumpima Mtoto HIV: Maelezo Kuhusu Kuunganisha Huduma za Maabara

(Hotuba kwa wakazi katika baraza la afya)



Mtoto aliyezaliwa na mama anayeishi na virusi vya HIV hawezi kuthibitishwa kwa kile kipimo cha haraka cha kidole wanachopimwa watu wazima. Damu yake bado ina kingamwili za mama, na zinaweza kukaa humo hadi miezi 18. Kipimo cha kidole huziona hizo, kikasema mtoto ana virusi hata kama hana. Ndiyo maana mtoto wa wiki sita hutobolewa kisigino, matone ya damu yakakaushwa kwenye karatasi maalum, kisha karatasi hiyo ikatumwa kwenye mashine inayotafuta virusi vyenyewe.

Kwa miaka mingi karatasi hizo zimesafirishwa hadi maabara kubwa chache nchini, kama zile za KEMRI Nairobi na Kisumu. Kuna safari ya kwenda, kuna foleni ya sampuli za kaunti nyingi, kisha kuna majibu kurudi. Mama huambiwa arudi baadaye. Wengine hurudi mara mbili, mara tatu, nauli ikiisha hawarudi tena. Na mtoto hana muda huo: miongoni mwa watoto wenye HIV wasiopata dawa, karibu theluthi moja hufariki kabla ya kutimiza mwaka mmoja, na nusu kabla ya miaka miwili.

Jambo la kusikitisha ni kwamba mara nyingi mashine inayoweza kumpima mtoto huyo iko hapo hapo hospitalini, pengine mlango wa pili. Ni ile GeneXpert, ambayo watu wengi wanaijua kama mashine ya TB. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza kwa kifua kikuu mwaka wa 2010, nayo hutoa majibu ya makohozi kwa muda usiozidi saa mbili na kuonyesha kama viini vimekuwa sugu kwa dawa ya rifampicin. Lakini mashine hiyo hiyo husoma HIV kwa watoto wachanga, kiwango cha virusi kwa wanaotumia ARV, virusi vya HPV vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi, na Korona pia.

Mbona basi haikutumiwa hivyo? Sababu kubwa ilikuwa ya ofisini. Mashine ililetwa na mradi wa TB, katriji zikaagizwa na mradi wa TB, na hata bodaboda wa kubeba sampuli alilipwa na mradi wake. Unaweza kukuta pikipiki mbili zikitoka zahanati moja kwenda hospitali moja asubuhi ile ile, moja imebeba makohozi na nyingine damu.

Kuunganisha huduma maana yake ni kuondoa hali hiyo: pikipiki moja, daftari moja, mtaalamu mmoja wa maabara anayepokea sampuli zote. Mashine ya kawaida ina nafasi nne, na kila nafasi hufanya kazi peke yake. Makohozi yakiwa katika nafasi ya kwanza, damu ya mtoto inaweza kuingia ya pili bila kungoja. Kwa kipimo cha saa mbili na siku ya kazi ya saa nane, nafasi nne hutoa vipimo 16. Penye wagonjwa wachache wa kifua, nafasi kadhaa hukaa bure mchana kutwa.

Wagonjwa wa TB wana haki ya kuuliza kama watasukumwa nyuma. Ni swali zuri, kwa sababu mtu mmoja mwenye TB ya mapafu isiyotibiwa anaweza kuambukiza watu 5 hadi 15 kwa mwaka. Utaratibu unaofaa ni makohozi na watoto wachanga kutangulia. Mtu mzima anayeendelea vizuri na ARV, ambaye hupimwa kiwango cha virusi mara moja kwa mwaka, sampuli yake inaweza kuendelea kwenda maabara kubwa, ambako mashine hupima sampuli nyingi kwa mpigo. Kuunganisha si kujaza kila kitu katika mashine moja mpaka ielemewe. Pia ikiharibika, au katriji zikiisha, huduma kadhaa husimama kwa pamoja. Kwa hivyo pesa za matengenezo na za umeme wa akiba lazima ziwe kwenye bajeti ya kaunti. Marekani iliposimamisha misaada ya nje Januari 2025, ilionekana wazi jinsi ilivyo hatari kutegemea miradi ya nje kwa huduma kama hizi.

Kuna hofu nyingine: kwamba aliyepeleka makohozi atapimwa HIV kisirisiri. Hapana. Kila ugonjwa una katriji yake, na katriji ya TB haiwezi kusoma HIV. Isitoshe, sheria ya mwaka wa 2006 kuhusu HIV na UKIMWI inakataza kumpima mtu kwa lazima na inalinda siri ya majibu yake.

Malaria haimo katika mpango huu. Mwenye homa aende zahanati iliyo karibu, apimwe kwa darubini au kwa kipimo cha haraka.

Mama mwenye mtoto wa wiki sita aje na kijitabu cha mama na mtoto siku ya chanjo, na aulize mambo mawili kabla ya kuondoka: sampuli ya mtoto inapimwa wapi, na majibu ni siku gani. Aliyekohoa wiki mbili au zaidi afike maabara asubuhi, ili majibu yake yapatikane kabla ya jioni.