Robo Saa ya Mbio Shuleni

Mwaka 2012 huko Stirling, Uskoti, mwalimu mkuu Elaine Wyllie aliona wanafunzi wake wanachoka upesi mno. Akaanza kuwatoa darasani kila siku kwa dakika 15, wakimbie au watembee kuzunguka uwanja, wakiwa na sare zao zilezile. Si mashindano, kwa hiyo hata mtoto mnene haoni aibu. Hapo ndipo penye ujanja wenyewe. Utafiti uliochapishwa 2018 ulionyesha watoto wanaofanya zoezi hili waliongeza pumzi kuliko wenzao wa shule nyingine, na mafuta mwilini yalipungua.

Lakini mbio pekee hazitoshi. Langoni mwa shule zetu kunauzwa nini? Soda, chipsi, barafu za rangi. Kamati ya shule ikae na mama muuzaji, alete ndizi, maembe na mihogo ya kuchemsha.