Akiba ya Umeme Nayo ni Mtambo



Tangu bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji lianze kutoa umeme mwezi Februari 2024, wako watu wanaosema kwamba enzi ya kubana matumizi imekwisha. Hoja yao ni nyepesi. Mitambo tisa, kila mmoja wa megawati 235, jumla yake ni megawati 2,115. Taifa lenye nguvu kiasi hicho, wanauliza, lina haja gani ya kuhesabu taa?

Hoja hii inastahili kujibiwa kwa heshima, kwani ina ukweli ndani yake. Hakuna nchi iliyojenga viwanda kwa kuzima taa. Mama wa kijijini anayepikia mafiga matatu, na ambaye watoto wake husoma kwa kibatari, hana umeme wa kubana. Kumhubiria akiba ni kumdhihaki. Haki yake ni nguzo, waya, na bei anayoimudu. Kwa hiyo kuendeleza vyanzo vipya, iwe ni maji ya mito, gesi ya Songosongo na Mtwara, jua au upepo, ni wajibu usio na mjadala.

Hata hivyo, kuwa na mtambo si kuwa na umeme. Mtambo wa maji huzalisha kwa kadiri ya maji yaliyoko nyuma ya ukuta. Kituo cha Kidatu, chenye megawati 204, kilianza kazi mwaka 1975, na baadaye bwawa la Mtera likajengwa juu yake ili kukiwekea akiba ya maji. Lakini kuanzia mwaka 1993 mto Ruaha Mkuu ulianza kukauka wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha, na mwaka 2006 ukame uliliingiza Taifa katika mgawo mkali wa umeme. Mitambo ilikuwepo, maji hayakuwepo. Ruaha huo huo ndio unaomwaga maji yake katika Rufiji. Kila uniti isiyotumiwa ovyo mwezi Mei ni maji yanayobaki bwawani kuungojea mwezi Oktoba.

Hesabu yenyewe haihitaji mhandisi. Balbu ya zamani ya wati 60 na balbu ya LED ya wati 9 hutoa mwanga unaokaribiana. Balbu milioni moja za zamani zikibadilishwa, basi saa za jioni zinapowaka zote kwa pamoja zitaokolewa megawati 51. Kituo cha Hale, kilichoanza kazi mwaka 1964, kina megawati 21. Akiba hiyo ni zaidi ya Hale mbili, nayo imepatikana bila kuziba mto hata mmoja. Na shule inayopikia wanafunzi kwa jiko banifu badala ya mafiga huacha miti imesimama, na miti ndiyo inayotunza chemchemi za mito hiyo.

Kwa nini basi akiba iliyo rahisi hivi haifanyiki? Wahenga walisema, pakacha likivuja ni nafuu ya mchukuzi. Kiyoyozi kinaunguruma ofisini, mlango uko wazi, na mwenye ofisi yuko mkutanoni. Ankara hailipi yeye. Anayeumia ni mwenye mzigo, yaani mwananchi, ambaye pengine hata nguzo haijamfikia. Fedha inayolipia taa zinazowaka mchana ingeweza kununua chaki na dawa.

Wanaokumbuka miaka ya 1980, pale mafuta yalipoadimika na magari binafsi kukatazwa kutembea Jumapili alasiri bila kibali, wanajua ubaya wa kubana matumizi kwa kulazimishwa na shida. Akiba ya kweli huwekwa wakati wa neema. Anayengoja ghala litupu ndipo apime unga, hapimi akiba, anapima njaa.

Ni makosa, basi, kushindanisha uzalishaji na uhifadhi kana kwamba Taifa lazima lichague kimoja. Kuzalisha ni kwa ajili ya asiyenacho. Kuhifadhi ni wajibu wa aliyenacho. Umeme mpya ukimezwa na uzembe wa wale waliokwisha kuupata, mwanakijiji atalisikia bwawa redioni tu.

Kazi ianzie karibu. Kila mkuu wa ofisi na abandike ankara ya mwezi mahali ambapo watumishi wote wataiona. Kila mwalimu wa hesabu na awafundishe watoto kusoma mita ya shule yao na kutafuta tofauti ya mwezi huu na uliopita. Hayo hayahitaji bajeti wala mfadhili. Yanahitaji mtumishi anayetambua kwamba taa anayoiacha ikiwaka inalipiwa na mtu aliye gizani.