Kwa Nini Jirani Amepanda Miti Nawe Hujapanda?

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya maendeleo)



Tumeombwa tuzungumze juu ya jambo linalosikika kama la wataalamu tu, yaani modeli za uwezekano. Msiogope jina. Mkulima hutazama mawingu asubuhi akasema, "Leo huenda ikanyesha." Hana hakika, lakini anapima kwa dalili alizo nazo. Modeli ya uwezekano ni kupima vivyo hivyo, ila kwa daftari na hesabu.

Tunaihitaji kwa sababu tumezoea kusikia, "Watu wa upande ule ni wavivu, tuliwapa miche wakaiacha ikauke." Basi jina la mtu linafutwa kwenye orodha, na mwaka unaofuata hapati kitu. Amehukumiwa bila kusikizwa.

Na faida anayoikosa si ndogo. Watafiti waliofanya kazi na wakulima wa Embu miaka ya 1990 walionyesha kwamba kilo 3 za majani mabichi ya kaliandra huongeza maziwa karibu sawa na kilo 1 ya chakula cha ng'ombe cha dukani. Vichaka kama 500, vikipandwa mipakani na kwenye makinga-maji, vinatosha kumwongezea ng'ombe mmoja kilo 6 kila siku mwaka mzima. Sasa, kitu kizuri hivi, mbona wengine hawakipandi?

Tuchukue mfano wa kufikiria. Kijiji kina nyumba 100. Nyumba 40 zina mtu kwenye kikundi, na kati ya hizo 28 zimepanda kaliandra. Nyumba 60 haziko kikundini, na zilizopanda ni 12. Haraka haraka tutasema: wa kikundi ni asilimia 70, wa nje ni asilimia 20, kwa hivyo kikundi ndicho dawa.

Ngojeni kwanza. Tuulize nani ana ng'ombe wa maziwa. Katika kikundi, wenye ng'ombe ni 30 na waliopanda ni 24. Nje ya kikundi, wenye ng'ombe ni 10 na waliopanda ni 8. Pande zote mbili ni asilimia 80! Kwa hao, kikundi hakijaongeza kitu. Ng'ombe ndiye amewapandisha miti. Wasio na ng'ombe je? Kikundini ni 10, wamepanda 4. Nje ni 50, wamepanda 4 tu. Hapo ndipo kikundi huenda kinasaidia. Lakini watu 10 ni wachache, tusipige vigelegele bado.

Mnaona? Daftari ni lile lile, ila swali moja zaidi limegeuza jibu. Wataalamu wana hesabu iitwayo lojiti, inayopima mambo mengi kwa pamoja: ukubwa wa shamba, mifugo, masomo, umbali wa kitalu, na mwenye hati ya shamba ni nani. Kila jambo linaonyesha limepandisha au kushusha uwezekano kiasi gani, mengine yakibaki vile yalivyo.

Lakini hesabu hujibu lile tu ililoulizwa. Kwa hivyo tunawaomba mkumbuke mambo matatu.

La kwanza, "amepanda" si neno moja. Mwaka 2007 Evelyne Kiptot na wenzake walichapisha uchunguzi wao kuhusu miti ya kurutubisha udongo magharibi mwa Kenya. Waliwatenganisha waliotumia miti hiyo kweli, waliojaribu tu, na waliopanda kwa sababu nyingine, kama vile kuuza mbegu. Ukihesabu miche siku ya kugawa, wote hao wanafanana. Rudi baada ya miaka mitatu.

La pili, uliza ni nani ndani ya nyumba. Kakamega, miaka ya 1980, mradi wa kuni ulikuta mila kwamba mwanamke asipande mti, eti atakuwa tasa au mume atakufa. Mama wa namna hiyo akiacha miche ikauke, utamwita mvivu? Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 60, inataka ubaguzi wa kijinsia katika mila za ardhi uondolewe. Lakini katiba haiingii shambani yenyewe. Inahitaji watu wa kuipeleka.

La tatu, uwezekano si hukumu. Tukiona mjane asiye na ng'ombe wala hati ana uwezekano mdogo wa kupanda, hiyo si sababu ya kumnyima miche. Inatuambia mzigo wake uko wapi. Labda anahitaji kwanza mazungumzo na shemeji zake kuhusu mpaka, ndipo miche. Na tukipata habari mpya tubadilishe makadirio yetu, kama yule mkulima anavyobadilisha maneno upepo ukigeuka.

Basi kila kikundi kinunue daftari moja. Kwa kila nyumba, za wanachama na za wasio wanachama, andikeni: nani anaamua juu ya shamba, kuna ng'ombe au hakuna, kitalu kiko umbali gani, miti mingapi bado iko hai. Msiandike "mvivu", hiyo haina safu katika daftari letu. Tukikutana msimu ujao tutahesabu pamoja, kisha ndipo tutapanga miche iende kwa nani.