Mlango wa Chumba cha Uhariri: Uanagenzi na Kazi za Mwanzo katika Majarida ya Kiswahili

1.0 Utangulizi

Kila mwaka wanafunzi wa Kiswahili katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki hutafuta mahali pa kufanyia mafunzo kwa vitendo. Walio wengi huelekea shuleni, kwa kuwa njia ya huko imekwisha kufyekwa na waliotangulia. Wachache hutamani chumba cha uhariri cha jarida, lakini hawajui mlango wake uko upande gani. Mhadhara huu unauhusu mlango huo. Hoja inayotetewa ni moja: anayeingia katika chumba cha uhariri ndiye anayeamua ni Kiswahili kipi kitakachosomwa. Kwa hiyo namna ya kumpata mwanagenzi si suala la ajira peke yake, bali ni suala la lugha pia.

Neno mwanagenzi linatumika hapa kwa maana ya mtu anayejifunza kazi kwa kuifanya, chini ya uangalizi wa mwenye ujuzi. Wanafunzi wenyewe husema wanakwenda "fildi"; nyaraka za ofisi husema "mafunzo kwa vitendo", na siku hizi "utarajali". Majina ni mengi, ila maswali yaliyo nyuma yake ni mawili tu: nani anafundisha, na nani anagharamia?

2.0 Mlango wa posta

Mwaka 1923 serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilianzisha Mambo Leo jijini Dar es Salaam, chini ya idara yake ya elimu. Lilikuwa chombo cha watawala, na mipaka yake ilijulikana. Hata hivyo, lilikuwa na sifa moja inayostahili kukumbukwa: lilipokea barua, mashairi na habari kutoka kwa wasomaji wa wilayani. Mwalimu wa bara na karani wa pwani walihitaji karatasi, wino na stempu, basi. Shaaban Robert, aliyekuwa mtumishi wa idara ya forodha, alikuwa miongoni mwa walioandika humo. Kazi ilitangulia, mtu akafuata.

Mlango huo wa posta ulikuwa na kasoro yake. Ulimpokea mwandishi, lakini haukumfundisha uhariri. Aliyekataliwa hakujua sababu, na aliyekubaliwa hakuuona mkono uliomsahihisha. Ujuzi wa kuandaa jarida ulibaki kwa wachache waliokaa ofisini.

Majarida yaliyofuata yalihitaji ujuzi huo kwa namna mbalimbali. Jarida la kitaaluma la Kiswahili, ambalo chimbuko lake ni taarifa ya Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930, linahitaji mtu anayeweza kupatanisha istilahi za waandishi wasiokubaliana. Femina, lililoanza nchini Tanzania mwaka 1999 kwa ajili ya vijana, lilihitaji mtu anayeweza kuzungumzia afya ya uzazi bila matusi na bila mafumbo. Si Mchezo!, lililofuata mwaka 2003, lililenga vijana wa vijijini kwa lugha nyepesi na hadithi za picha. Hizi ni kazi tatu za lugha, na hakuna hata moja inayokamilika kwa kujua sarufi tu.

3.0 Kazi iliyomo ndani

Mwanafunzi anayedhani kwamba jarida linahitaji waandishi peke yao hujinyima nusu ya nafasi zilizopo. Jarida lina msoma prufu, mhakiki wa habari, mfasiri, msanifu kurasa, mwandishi wa maelezo ya picha, mtu wa matangazo na mtu wa usambazaji. Katika majarida madogo, mtu mmoja hubeba kazi tatu za namna hiyo. Kazi ya mwanzo mara nyingi ni prufu, na hapo ndipo mwanaisimu anapokuwa na mtaji ambao wengine hawana.

Mifano michache inatosha. Programu nyingi za kusanifu kurasa, zisipowekewa kanuni za Kiswahili, hukata maneno mwishoni mwa mstari kwa kanuni za Kiingereza, zikatoa "wanafun-zi" mahali pa "wanafu-nzi". Aliyesoma muundo wa silabi anaiona kasoro hiyo mara moja, tena anaweza kumweleza msanifu kanuni yake. Vilevile sentensi "wakulima wamepoteza mazao zao" humpita msomaji mwenye haraka, lakini haimpiti aliyezoea upatanisho wa ngeli.

Vichwa vya habari navyo ni somo kamili. Maneno ya Kiswahili ni marefu, na safu ya ukurasa ni nyembamba. "Wanafunzi wasiolipiwa karo warudishwa nyumbani" haiingii. "Wakosa karo, warudishwa" inaingia. Inaingia kwa sababu kiambishi cha nafsi kimebeba kazi ya nomino iliyoachwa, na picha iliyo chini yake imejaza yaliyosalia. Aidha, kichwa husema "Waziri azindua daraja" ilhali daraja lilizinduliwa juzi. Njeo ya -a-, ambayo mwanafunzi aliisoma darasani kama habari ya wakati uliopo, hapa inafanya kazi nyingine. Mwanagenzi anayeweza kuifafanua tofauti hiyo amekwisha kuwa na faida kwa mhariri wake.

Zaidi ya hayo, kuna mipaka ya nchi. Msomaji wa Nairobi husoma "shule ya upili" na "mswada wa sheria"; wa Dodoma husoma "shule ya sekondari" na "muswada wa sheria". Jarida linalovuka mpaka linahitaji mtu wa kuamua lini tofauti iachwe na lini ifafanuliwe. Uamuzi wa namna hiyo hauwezi kuachiwa mashine.

4.0 Namna ya kubisha hodi

Nafasi nyingi za mwanzo hazitangazwi. Mhariri humpa kazi mtu ambaye amekwisha kuiona kazi yake. Kwa hiyo anayeomba hana budi kufanya utafiti mdogo kwanza: asome matoleo manne au matano ya jarida analolitaka, ajue safu zake, urefu wa makala zake na majina ya wahariri, ambayo kwa kawaida huchapishwa katika kurasa za mbele.

Barua inayosema "naomba nafasi yoyote" humpa mhariri kazi ya kufikiri kwa niaba ya mwombaji. Barua nzuri ni ya ukurasa 1: inataja safu moja, inapendekeza makala mbili zinazofaa safu hiyo, na inaambatana na makala moja iliyokamilika. Anayeomba kazi ya prufu aambatishe ukurasa mmoja aliousahihisha, wenye alama na sababu. Lakini asiuchukue ukurasa huo katika jarida la mwenyeji wake. Mgeni haanzi kwa kuhesabu nyufa za nyumba aliyokaribishwa. Achukue kipeperushi au tangazo la umma.

Wakati nao una kanuni zake. Jarida la kila mwezi hupangwa mapema, hivyo makala kuhusu mfungo wa Ramadhani inayofika wakati mwezi umekwisha kuandama imechelewa, hata ikiwa nzuri. Nchini Tanzania, anayetaka kuripoti habari azingatie pia kwamba Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 inamtaka mwandishi wa habari awe na ithibati; shahada ya Kiswahili peke yake haimalizi suala hilo.

Aidha, mlango si mmoja. Wizara, mashirika ya umma, madhehebu ya dini na asasi za kiraia huchapisha majarida yao, nayo hukosa wasoma prufu. Jarida la wanafunzi chuoni ni mlango mwingine: toleo moja lililotoka kwa wakati, likiwa na jina la mwanafunzi katika orodha ya wahariri, lina uzito kuliko aya tatu za sifa.

5.0 Gharama ya kuingia

Hapa ndipo penye tatizo lenyewe. Mlango wa posta ulidai stempu. Mlango wa leo unadai chumba cha kulala Dar es Salaam au Nairobi, nauli ya kila siku na chakula cha mchana, mara nyingi bila posho. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu nchini Tanzania hugharamia mafunzo kwa vitendo kwa wanaostahili, lakini aliyekwisha kuvaa joho hana fungu hilo. Anayebaki mezani miezi sita bila malipo ni yule mwenye shangazi mjini. Binti wa Makunduchi na kijana wa Kigoma, wenye Kiswahili ambacho jarida hilo halijawahi kukichapisha, hurudi nyumbani.

Marekani imekwisha kulipitia jambo hili mahakamani. Mwaka 2013 kampuni ya Condé Nast, mchapishaji wa Vogue na The New Yorker, ilishtakiwa na wanagenzi wawili wa zamani waliodai kulipwa chini ya kima cha sheria. Mwaka huohuo kampuni ilitangaza kuufunga mpango wake wa uanagenzi, na mwaka 2014 ilikubali kulipa dola milioni 5.8 ili kumaliza shauri. Waliodai walipata haki. Lakini mlango uliofungwa uliwanyima pia wale ambao hawakuwa na mlango mwingine. Funzo lake ni kwamba dawa ya mlango mbaya ni kuutengeneza, si kuupiga kufuli.

Kuutengeneza hakuhitaji fedha nyingi. Idara ya Kiswahili na jarida waandikiane makubaliano yenye mambo manne: muda wenye mwisho, msimamizi anayetajwa kwa jina, jina la mwanagenzi katika kazi aliyoifanya, na angalau nauli na chakula. Kwa kuwa prufu siku hizi husafiri kwa intaneti, sehemu ya uanagenzi inaweza kufanyika Kigoma kwenyewe, ilimradi masahihisho ya msimamizi yarudishwe kwa mwanagenzi na sababu zake. Hivyo mlango wa posta utafunguliwa tena, safari hii ukiwa na mwalimu nyuma yake.

6.0 Hitimisho

Kiswahili Sanifu kiliwekewa msingi wake katika lahaja ya Kiunguja kwa uamuzi wa watu wachache waliokuwa na nafasi ya kuamua. Maamuzi madogo ya namna hiyo yanaendelea kufanywa kila mwezi: neno lipi libaki, lipi likatwe, lipi liitwe la kienyeji. Huyafanya yule aliyeketi mbele ya prufu. Wanaisimu wanaweza kuendelea kuyachambua maamuzi hayo baada ya jarida kutoka, au wanaweza kuwaandaa wanafunzi wao wawepo wakati yanapofanywa.