Msaada wa Maafa si Fidia



Twasikia ikinenwa kwamba shamba likichukuliwa na maporomoko, Serikali hulipa bei ya mazao yote. Sivyo. Baada ya tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016, Serikali ilisema haitamjengea kila mtu nyumba. Bali huko Hanang, matope yalipoua watu tarehe 3 Desemba 2023, iliwajengea waliokosa makao. Basi msaada hutolewa kwa kadiri ionekanavyo, wala haudaiwi kama deni.

Sheria ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa hata vijijini, na huko ndiko hasara huanza kuandikwa. Sisi tushikao kalamu twajua jinsi jina lipoteavyo: mume yuko kazini Tanga, mke ndiye aliyelima maharagwe mteremkoni, karatasi yaandikwa mume, na mama hurudi mikono mitupu. Tena atajaye migomba mia, hali alikuwa nayo kumi, huwafanya jirani zake wasisadikiwe.

Akina mama, tajeni majina yenu wenyewe. Na wapimaji wa hasara wakija, waonyesheni mahali penyewe kabla hamjapanda tena.